Kutoka Bula Matari Hadi Barrière: Maneno Kumi ya Historia Yanayoishi Goma

Wanafunzi wa Marekani wana maneno yao ya historia, na wanayakariri mpaka wanayaota: makoloni 13, chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773, Katiba, utumwa, Kaskazini na Kusini, vita vya 1861 hadi 1865. Mwamshe mmoja wao saa nane usiku, atakutajia yote. Sasa muulize kijana wa Himbi au wa Majengo, hapa Goma, MIB ni nini. Atakuuliza kama ni mtandao mpya wa simu.

Kosa si lake. Hakuna aliyemfundisha. Basi tuhesabu kutoka kumi kwenda moja, maneno kumi ya nchi yetu tangu ukoloni mpaka vita. Sikuyapanga kwa miaka, nimeyapanga kwa uzito: kadiri namba inavyopungua, ndivyo neno linavyotushika zaidi tukitoka nyumbani asubuhi. Naishia kwenye serikali ya mpito ya 2003, na ya baadaye nayagusa kidogo tu. Yaliyofuata bado tumo ndani yake. Kubisha ruksa.

10. Bula Matari

Mvunja mawe. Watu wa Kongo ya chini walimpa mpelelezi Stanley jina hilo alipokuwa akipasua miamba kutengeneza njia, kisha serikali yote ikalirithi. Mwenye serikali alikuwa Leopold II, aliyeimiliki Kongo tangu 1885 hadi 1908 bila kuikanyaga hata siku moja. Mama wa mtaa wa Birere hanunui samaki wa sambaza kabla hajafunua beseni, lakini mfalme alichukua nchi nzima kwa kuitazama kwenye karatasi.

Na nchi ya kwanza kuitambua bendera ya shirika lake, lililotangulia serikali hiyo? Marekani, Aprili 1884. Stanley mwenyewe alikuwa amepigana vita vyao upande wa Kusini, kwenye pigano la Shiloh mwaka 1862. Lakini Marekani ilituletea pia George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyeingia jeshi la Kaskazini akiwa kijana mdogo, baadaye akawa mwanahistoria. Mwaka 1890 alifika Stanley Falls, Kisangani ya leo, akaona mateso, akamwandikia Leopold barua ya wazi akimtajia makosa ya serikali yake moja baada ya jingine. Hiyo ilikuwa miaka 18 kabla Ubelgiji haijamnyang'anya mfalme wake koloni. Williams alikufa mwaka uliofuata. Anaidai Goma barabara, hata iwe ya makoro matupu, mawe yetu ya lava.

9. Waungwana

Kiswahili hakikuingia Kongo kikiwa na shati jeupe la shule. Kilikuja na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo, Maniema. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwaka 1887 Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls. Mwaka 1892 majeshi ya Leopold huyo huyo yakaanza kuwapiga washirika wake wa jana, mpaka 1894. Ugavana wa mfalme huyo haukuwa wa kutegemea.

Askari na wapagazi wa misafara hiyo, waliosema Kiswahili na kufuata desturi za pwani, waliitwa Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Wengi wao walianza safari wakiwa watumwa. Leopold alijitangazia Ulaya kwamba anapigana na utumwa, na wakati huo huo vijiji vilikuwa vikipigwa viboko vilete mpira. Mkono mmoja ulifungua mnyororo, wa pili ulikuwa tayari umeshika mwingine. Misafara iliondoka, lugha ikabaki: wamisionari wakaitumia, maofisa wakaitumia, na leo ndiyo inayopanga bei ya makala, yaani makaa, ya maharagwe na ya mahari.

8. Évolué

Fupi, maana hasira zinanipanda. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha cheti cha sifa njema kwa Mkongomani "aliyeendelea", na mwaka 1952 wakaongeza hatua ya juu zaidi. Ili uipate, wakaguzi waliweza kuja mpaka nyumbani kwako kutazama unavyokula, unavyolala na mkeo anavyotunza nyumba. Lumumba mwenyewe aliipata mwaka 1954. Baada ya miaka sita alikuwa waziri mkuu, na hakuna mkaguzi aliyekuja kumhesabia uma na visu.

7. Salongo

Jumamosi asubuhi, majembe na mafagio mtaani. Vijana wanadhani ni Rais Mobutu aliyebuni kazi ya lazima. Mobutu aliipa jina na nyimbo, katika miaka ya 1970, ila kazi yenyewe ina babu. Sheria ya koloni ya mwaka 1917 ilimlazimisha kila mwanakijiji mwanaume kufanya kilimo cha amri siku 60 kwa mwaka, pamba hapa, mpunga pale. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, mwaka 1942 siku zikapandishwa mpaka 120. Theluthi ya mwaka! Mkulima analima shamba la amri, lake linaota majani.

Kusafisha mtaa ni jambo jema na mimi nitalitetea popote. Ila mzee akinung'unika Jumamosi, mwacheni anung'unike. Amerithi kuchoka kwa vizazi viwili.

6. Meza

Januari 1960, Brussels: Meza ya Duara. Wajumbe Wakongomani walikaa na Wabelgiji, na tarehe ya uhuru ikapatikana: 30 Juni. Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa huko huko Brussels, na wimbo wa Indépendance Cha Cha ukazaliwa na kuenea Afrika nzima. Muziki ulikuwa tayari kabla ya serikali, na mpaka leo muziki ndio umedumu zaidi.

Kivu ilikuwa na chama chake, CEREA, cha Anicet Kashamura, ambaye baadaye alikuwa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba. Sasa tazama hesabu. Wamarekani walitangaza uhuru mwaka 1776 na kuandika Katiba yao Philadelphia mwaka 1787: miaka kumi na mmoja ya kugombana, kukosea na kurekebisha. Na bado baada ya miaka 74 wakaingia vitani wao kwa wao. Sisi kutoka kwenye meza hadi kwenye bendera tulipewa miezi mitano. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alikuwa ameuawa. Anayesema Wakongomani hawakujua kujitawala aanze kwanza na kalenda hiyo.

Meza nyingine zikafuata, za kumaliza vita nitakavyovitaja kwenye namba tatu: Lusaka mwezi wa Julai 1999, Sun City mwaka 2002, na mwishowe ile hesabu maarufu ya 2003, moja kujumlisha nne. Rais Joseph Kabila, na makamu wanne: Jean-Pierre Bemba, Azarias Ruberwa wa kundi la waasi la RCD-Goma, Abdoulaye Yerodia na Arthur Z'ahidi Ngoma. Katika kila shule jibu ni tano. Kinshasa jibu lilikataa kupatikana: Agosti 2006 walinzi wa rais na walinzi wa Bemba walirushiana risasi katikati ya mji mkuu.

5. Uzairishaji

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni ziende kwa Wazairwa, ndilo jina letu la wakati huo. Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wabelgiji wakatoa funguo. Waliopokea waliitwa "acquéreurs", na wengi walipokea kwa sababu walimjua mtu, si kwa sababu waliijua kahawa. Duka liliuzwa mpaka rafu ya mwisho, kisha likafungwa. Muda si mrefu serikali ikaanza kuwaita wenye mali warudi.

Lakini kilichoiumiza Kivu zaidi kilikuja kimya kimya miezi minne kabla ya hotuba hiyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Ardhi ambayo mwami alikuwa akiigawa kwa desturi, na ambayo familia ilijua mpaka wake kwa mti na kijito, sasa ilihitaji karatasi ya ofisini. Mwenye kujua njia ya ofisini akapata kilima chenye watu juu yake, na mashamba makubwa ya walowezi huko Masisi yakaangukia mikononi mwa wakubwa wachache. Mkulima aliyelala akiwa mwenye shamba akaamka akiwa mpangaji. Watu wanaosema ugomvi wa Masisi ni wa damu na makabila, nawaomba wasome kwanza sheria hiyo. Mimi nasema ugomvi ulianza kwenye karatasi, na ndilo neno langu kuu katika orodha hii yote.

4. Parke Albert

Wazee bado wanaiita hivyo. Tarehe 21 Aprili 1925 Ubelgiji ilitangaza hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, ikaipa jina la Mfalme Albert I. Wazo lilisukumwa sana na Mmarekani Carl Akeley, aliyefika mwaka 1921 kuwapiga risasi sokwe wa milima kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, akawapenda, akaanza kuwaombea walindwe. Sokwe wachache walilipa kwa maisha yao ili Akeley abadilike moyo. Alikufa Novemba 1926 akiwa safarini huku huku, akazikwa chini ya mlima Mikeno.

Hifadhi ikapanuliwa, na watu waliokuwa wakilima, kuwinda na kuvua humo wakajikuta nje ya mstari. Mwaka 1969 jina likabadilika kuwa Virunga, mwaka 1979 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 7,800. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Naipenda Virunga, na nawaheshimu walinzi hao kuliko ninavyowaheshimu wanasiasa wengi. Napenda pia tukumbuke kwamba mama anayeshuka na makala kutoka msituni hakuulizwa, wala bibi yake hakuulizwa, mstari upite wapi. Serikali ikitaka amani na mbuga, izungumze naye kwanza, kabla ya mtalii.

3. Kadogo

Hapa utani unakaa pembeni.

Oktoba 1996 muungano wa AFDL ulianza vita mashariki dhidi ya Mobutu, ukiungwa mkono na Rwanda na Uganda, na Laurent-Désiré Kabila akiwa msemaji wake. Mwanzoni mwa Novemba Goma ilikuwa mikononi mwao, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa. Waliotembea nchi nzima kwa miguu, wakiwa na buti za mpira na bunduki ndefu kuliko migongo yao, wengi walikuwa watoto. Tuliwaita makadogo. Jina la mapenzi, la nyumbani, ambalo mama humwitia kitinda mimba wake. Ndiyo maana linauma.

Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, RCD ikafanya makao yake hapa Goma, na makundi yote, ya waasi na ya Mai-Mai, yakaendelea kuchukua watoto. Mzee Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake tarehe 16 Januari 2001. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu jambo hili: Thomas Lubanga wa Ituri alipewa miaka 14 kwa kuandikisha watoto jeshini. Bosco Ntaganda, aliyewahi kuishi Goma akila mezani kama bwana mkubwa, alipewa miaka 30 na mahakama hiyo hiyo mwaka 2019.

Makadogo wa 1996 leo ni watu wazima wenye watoto wao. Mmoja anaweza kuwa ndiye anayekubeba kwa pikipiki. Msiwaite tena kwa jina hilo.

2. MIB

Tumerudi kwa kijana wa Himbi na mtandao wake wa simu. Mission d'Immigration des Banyarwanda: ofisi ya Wabelgiji iliyofanya kazi tangu 1937 hadi 1955. Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara. Kivu ilikuwa na mashamba ya walowezi yenye kiu ya vibarua, kahawa, chai na pareto. Mbelgiji alitazama ramani, akaona vyombo viwili, akamimina kimoja katika kingine. Watu wapatao 85,000 walihamishiwa Masisi na maeneo ya jirani. Kwa wahamiaji walitengeneza utawala wao wa Gishari ndani ya ardhi ya Wahunde, kisha mwaka 1957 wakaufuta. Aliyehamishwa hakuchagua jirani, na jirani hakuchagua wa kumpokea.

Tafadhali tusichanganye mambo. Watu wasemao Kinyarwanda walikuwepo Bwisha, Rutshuru, kabla ya koloni. Wengine waliletwa na MIB. Wengine walikimbia machafuko ya Rwanda tangu 1959. Wengine walikuja mwaka 1994. Ni historia nne, na kila mwanasiasa mwenye haraka anazifunga kwenye gunia moja.

Kisha zikaja karatasi za uraia. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wote waliotoka Ruanda-Urundi na kuishi Kivu kabla ya Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta, ikataka mtu athibitishe kwamba wazazi wake wa kale walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe hiyo huku Kivu hakukuwa na ofisa hata mmoja wa Leopold, sembuse daftari la kuandikisha watu! Mhunde, Mnande au Mnyanga naye asingeweza kuthibitisha kwa karatasi. Tofauti ni kwamba yeye hakuulizwa. Sheria ya Novemba 2004 ikasogeza tarehe mpaka uhuru, 30 Juni 1960.

Kati ya sheria ya 1981 na ile ya 2004, mtu aliyezaliwa Masisi aliweza kulala Mzairwa na kuamka mgeni. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, Walikale, mauaji yalianza, yakaenea mpaka Masisi, na maelfu ya watu wa pande zote wakafa kabla mkimbizi mmoja wa 1994 hajavuka mpaka. Tarehe hiyo ya 1993 ndiyo ninayomwonyesha kila anayedai kwamba matatizo yetu yote yaliingia kwa mguu kutoka Rwanda. Mengine yaliingia kwa mguu, kweli. Mengine yaliingia kwa gazeti rasmi la serikali.

1. Barrière

Namba moja haina mpinzani. Kubwa na Ndogo, Grande na Petite: vivuko viwili vya mpaka kati yetu na Gisenyi, Rwanda. Maelfu wanavuka kila siku: wanafunzi, mama wa maziwa, wafanyabiashara wenye viti vya magurudumu vilivyosheheni mizigo, na mimi nikitafuta nyanya za bei nafuu.

Wakuu wa Ulaya walipochora mipaka mwaka 1885, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameliona ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894, baada ya kupanda mlima Nyiragongo. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mstari wa kwenye karatasi haulingani na milima. Wajerumani wakadai, watu wa Leopold wakadai, Waingereza wakadai kutoka upande wa Uganda. Ugomvi ulikwisha Brussels mwezi wa Mei 1910, na tume ikaja kupanda alama. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Kongo, Gisenyi ya Wajerumani, Bufumbira ya Waingereza. Mstari ukapita mlima Karisimbi mpaka mlima Sabinyo, na volkeno zote mbili zinazowaka, Nyiragongo na Nyamulagira, zikabaki kwetu. Wajerumani walipata ufuko, sisi tukapata lava. Wamarekani wana mstari kama huo, wa Mason na Dixon, uliopimwa 1763 hadi 1767 kumaliza ugomvi wa makoloni mawili, na baadaye ukaja kutenganisha watumwa na watu huru. Mpimaji hushika kamba kwa miaka michache, wajukuu wa wengine hushikwa na kamba hiyo karne nzima.

Goma yenyewe ni mtoto wa mstari huo: kituo cha Wabelgiji kilichowekwa kuikabili Gisenyi. Septemba 1914 Wajerumani waliiteka Idjwi. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la koloni, ilivuka kuelekea mashariki, na mwezi wa Septemba ikaingia Tabora, ikiwa juu ya migongo ya wapagazi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuja huku ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu juu ya mawe ambayo hata kaburi halichimbiki. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliposhuka na kupita katikati ya mji, sisi ndio tuliokimbilia kule. Mei 2021, vile vile. Wenye nyumba Gisenyi waliwafungulia watu milango, na wenye nyumba Goma walikuwa wamefungua ya kwao kabla. Hilo nalo liandikwe, maana vitabu vya vita hulisahau.

Walimu wa historia wa Goma, nina ombi moja kwenu. Watoto waliobebwa na MIB mwaka 1937 wengi wameshakufa, na wale wa 1955 ni wazee wa zaidi ya miaka 70. Tumeni kila mwanafunzi kwa mzee mmoja, Mhunde kwa Mnyarwanda, Mnyarwanda kwa Mnande, akiwa na daftari, aulize swali moja: mlifikaje hapa, na mlimkuta nani? Fanyeni hivyo muhula huu. Kila mwaka tunaouacha upite unatupunguzia mashahidi.